Milango Inayofanana

 

Naomba nianze na ufunguo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliishi Kariakoo zaidi ya miaka 40 katika nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, kibaraza mbele. Nyumba ilipovunjwa ili paote ghorofa, sisi watoto wa ukoo tulikaa kikao, tukachanga, tukampangishia fleti nzuri ghorofa ya tatu. Maji yanatoka, umeme upo, mlinzi yuko getini. Tukaona tumemaliza. Mwezi wa pili jirani wa ghorofa ya pili alinipigia simu jioni: kaka, njoo, mama yuko mlangoni kwangu. Nilimkuta amesimama mbele ya mlango usio wake, ufunguo uko ndani ya kitasa. Anauzungusha kushoto, anauzungusha kulia, anautoa, anaufuta kwa ncha ya kanga, anaurudisha. Aliponiona akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: “Mwanangu, wamenibadilishia kitasa.”

Sikuwa na la kumjibu. Niliinua macho nikaitazama ile korido kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Milango minne, yote ya kahawia. Mageti manne ya chuma, yote meusi, yenye maua yaleyale ya kuchomelea. Vigae vya rangi ya maziwa kuanzia chini mpaka juu, na taa moja dhaifu. Namba za milango zilikuwa vibati vyenye ukubwa wa kidole gumba, na kile cha shangazi kilikuwa kimeshadondoka. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kumwambia mtu kwamba hapa ni ghorofa ya pili, ya tatu bado. Alichokosea shangazi ni hesabu ya ngazi. Jengo ndilo lililomwambia kwamba amefika.

Mimi kazi yangu ni kuchora majengo kama lile. Kwa hiyo ninayoyasema leo nayasema kama mtu anayehusika.

Ugonjwa aliokuwa nao shangazi madaktari wanauita demensia. Mitaani tunasema mzee amerudi utoto, au tunasema ni uzee tu, tukanyamaza. Uzee si ugonjwa, na wazee wengi hufika miaka 90 wakiwa na akili timamu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayedhani ni maradhi ya Wazungu aende Hai, Kilimanjaro. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani humo walikuta kiasi cha asilimia 6.4 ya watu waliofikisha miaka 70 wana demensia, na wengi wa wagonjwa hao hakuna daktari aliyewahi kuwaambia.

Kuna jambo moja la ubongo ambalo kila anayechora ramani ya nyumba anapaswa kulijua. Mwaka 1971 John O'Keefe, akifanya kazi London, alionyesha kwamba katika ubongo wa panya zipo seli zinazowaka panya anapofika mahali fulani na si kwingine. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser, huko Norway, wakakuta katika sehemu ya jirani seli nyingine zinazogawa ardhi kama macho ya wavu wa kuvulia samaki, zikipima umbali na mwelekeo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Basi sehemu hiyo ya wavu ni miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa kuliwa na Alzheimer, aina ya demensia iliyoenea kuliko zote. Ndiyo maana mzee anaweza kuwataja wajukuu wote kwa majina, akakuhadithia mwaka wa uhuru saa kwa saa, kisha akapotea hatua 50 kutoka kwake. Ramani ya kichwani imechanika, na kinachobaki ni alama: mti, sauti, harufu, rangi, uso wa mtu.

Nilipoyasoma hayo nilirudi nyuma nikaiwaza Kariakoo ya shangazi. Akitoka kibarazani anakutana na mwarobaini. Baada ya mwarobaini ni fundi cherehani, na mlio wa cherehani yake unasikika kabla hujamwona. Kisha harufu ya kahawa kijiweni, kisha msikiti wenye mlango wa kijani. Sasa nadhani alikuwa mgonjwa kwa miaka kadhaa kabla hatujamhamisha, na hakuna aliyejua, kwa sababu mtaa ulikuwa unamshika mkono. Tulipomtoa pale tulimnyang'anya kumbukumbu ambayo ilikuwa imehifadhiwa nje ya kichwa chake.

Sasa nawapeleka Singapore. Nawapeleka huko kwa kuwa ni mji uliobanana kuliko wetu, wenye kilomita za mraba zaidi kidogo ya 730 na watu wapatao milioni 6, na kwa kuwa umekuwa ukihangaika kurekebisha kosa ambalo sisi ndiyo kwanza tunalianza.

Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza Bukit Ho Swee, makazi ya nyumba za mbao na makuti, na watu wapatao 16,000 wakalala nje. Bodi ya nyumba ya serikali, inayojulikana kwa kifupi HDB, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Ikajenga kwa kasi ambayo haijaonekana mara nyingi duniani: majengo marefu yaliyonyooka, korido upande mmoja, milango kwa safu, jengo la kwanza sawa na la kumi. Siwalaumu. Mtu aliyeunguliwa anahitaji paa kabla ya kitu kingine chochote, na nakala ndiyo njia ya haraka na rahisi ya kumpatia. Leo karibu watu wanane katika kila kumi nchini humo wanaishi katika nyumba za bodi hiyo. Lakini vijana waliohamia humo miaka ya 1960 na 1970 wamekuwa vikongwe humohumo. Utafiti mkubwa wa wazee uliofanywa huko mwaka 2013 ulikuta mtu mmoja katika kila kumi wenye miaka 60 na zaidi ana demensia. Uliporudiwa mwaka 2023 ulikuta asilimia 8.8. Sehemu imepungua, wazee wameongezeka, na wengi wao wako ghorofani.

Tazameni lifti zao. Katika majengo mengi ya zamani lifti ilisimama kwenye ghorofa chache tu, ili kuokoa fedha. Mzee alikuwa anashuka katika ghorofa isiyo yake, kisha anapanda au anateremka kwa ngazi, anatokea kwenye korido iliyofanana kabisa na ile aliyoiacha. Mwaka 2001 serikali ilianza mpango wa kuzifanya lifti zisimame kila ghorofa, kwa ajili ya magoti ya wazee na viti vya magurudumu. Mimi naongeza kwamba kila kituo kilichoongezwa kilipunguza swali moja ambalo mzee anayesahau alilazimika kulijibu peke yake kila siku: nipande au nishuke?

Halafu tazameni chini ya majengo. HDB iliacha ghorofa ya chini wazi, nguzo tupu na sakafu, upepo unapita. Hapo Wamalay hufanyia harusi, Wachina huombolezea maiti wao, watoto hukimbilia hapo mvua ikinyesha, wazee hukaa kwenye meza za zege zilizochorwa ubao wa sataranji. Kwa mzee anayesahau, mahali hapo penye kivuli pana thamani kubwa, maana kila anayetoka na kila anayeingia lazima apite mbele ya macho ya watu. Kasoro ni kwamba nguzo za jengo hili ni sawa na nguzo za jengo lile, na ukisimama katikati yake huoni tofauti.

Katika mtaa wa Kebun Baru wakafanya kitu ambacho kingeweza kufanywa na fundi rangi yeyote wa Temeke. Walichora kuta za chini za majengo kwa picha kubwa za vitu vya zamani vya maisha ya kila siku, vitu ambavyo mzee wa Singapore alivijua akiwa kijana, na wakatenga sehemu za mtaa kwa rangi. Mtu hahitaji tena kukumbuka namba ya tarakimu tatu. Anaulizwa unakaa wapi, anasema kwenye jengo lenye picha ile. Tarakimu ni kumbukumbu kavu, hufutika mapema. Kitu ulichokishika kwa mikono ukiwa na miaka 10 hukaa mpaka mwisho. Tungefanya hapa, tungechora nini? Ukutani mwa shangazi ningechora mbuzi ya kukunia nazi. Jengo la pili taa ya chemli, la tatu baiskeli yenye kapu la samaki, la nne kinu na mchi. Nisingechora tembo na Mlima Kilimanjaro tunaowachorea watalii. Picha ya kumrudisha mzee nyumbani lazima itoke kwenye maisha yake, na hiyo inamaanisha mchoraji akakae naye kwanza.

Na ikishachorwa, iachwe. Kule majengo hupakwa rangi upya kila baada ya miaka michache, na jengo lililokuwa la buluu linaweza kuamka la machungwa. Kwa kijana ni usafi. Kwa mwenye demensia ni kama kuhamishwa usiku akiwa amelala. Nasi tuna ugonjwa huohuo, maana kampuni za simu na za soda hupaka ukuta mzima wa duka bila kumuuliza yeyote anayeutumia ukuta huo kama dira.

Picha peke yake haitoshi, na Singapore hawakuishia hapo. Wameweka vituo mitaani, kwenye maktaba, kwenye kumbi za jamii na kwingineko, ambako ukimkuta mzee aliyepotea unampeleka, na pale yupo mtu aliyefundishwa namna ya kuongea naye na kutafuta watu wake. Ipo pia programu ya simu ambayo familia inatumia kutoa taarifa mzee akitoweka, na majirani waliojiandikisha wakaipata. Sisi tuna mjumbe wa nyumba kumi, tuna kijiwe cha bodaboda, tuna mama lishe anayejua nani kapita na nani hajapita tangu asubuhi. Watu tunao tayari. Tunachokosa ni mafunzo ya saa moja: usimwulize maswali mengi, usimbishie, kaa naye, mpe maji, mpigie mwanawe.

Jengo la Singapore linalosifiwa zaidi linaitwa Kampung Admiralty. Kampung ni neno la Kimalay, maana yake kijiji. Lilikamilika mwaka 2017, wasanifu wake ni WOHA, na mwaka uliofuata lilitajwa kuwa jengo bora la mwaka duniani katika tamasha la usanifu lililofanyika Amsterdam. Katika kiwanja cha hekta 0.9 wamepandanisha vitu ambavyo kwa kawaida hutawanywa mji mzima: uwanja wa wazi chini, mabanda ya chakula juu yake, kituo cha matibabu katikati, shule ya watoto wadogo pembeni mwa kituo cha wazee, bustani za mboga juu kabisa, na fleti 104 za wazee. Mzee anaweza kuonana na daktari, kula wali, na kumwona mtoto akijifunza kuimba bila kuvuka barabara hata moja.

Nalipenda jengo hilo, ingawa fleti 104 ni tone baharini. Kinachonigusa zaidi katika michoro yake ni kitu kidogo mno. Kwenye maingilio ya fleti waliweka mabenchi, ili jirani akae na jirani. Hebu fikirini. Wasanifu wa daraja la juu duniani, baada ya kutafakari sana namna ya kuwatoa wazee vyumbani, walifika mahali wakavumbua kibaraza.

Na hapa lazima niseme neno kuhusu mitaa. Miaka ya mwanzo ya karne hii Elizabeth Burton na Lynne Mitchell, kule Oxford, walifanya jambo ambalo wasanifu hawakuwa wamelifanya: waliongozana na wazee wenye demensia katika matembezi yao ya kawaida, wakatazama wanapita wapi na wanapotelea wapi. Kitabu chao kuhusu mitaa ya maisha kilitoka mwaka 2006. Waliyoyakuta yaligeuza niliyofundishwa. Nilifundishwa kwamba mtaa unaosomeka ni ule wa mistari iliyonyooka na pembe mraba. Wazee wale walihangaika zaidi kwenye njia panda za pembe nne, kila upande sawa na mwenzake, na waliweza zaidi kwenye vichochoro vifupi vilivyopinda kidogo na kwenye makutano ya njia tatu, ambako mbele yako daima pana ukuta wa kutazama. Alama walizozitumia zilikuwa za kawaida: sanduku la barua, kibanda cha simu, mti, mlango wa kanisa.

Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, anajua ninachokisema. Mgeni hupotea humo kwa nusu saa, lakini mzee aliyezaliwa humo hana kichochoro kilicho sawa na kingine. Mlango huu una nakshi za namna yake, huu una misumari ya shaba. Baraza hili ni la juu, lile limemeguka pembe. Kona haina magari, na kila hatua 20 pana mahali pa kukaa na mtu wa kuuliza hali. Sisemi waliojenga walikuwa wanawafikiria wenye demensia. Nasema walijenga polepole, kila mtu kwa mkono wake, na tofauti ikajiweka yenyewe. Sisi tunaojenga majengo manne kwa mchoro mmoja inabidi tofauti tuiweke kwa makusudi, tuipangie bajeti, tuitetee mbele ya mteja.

Kuna wanaoniuliza, kwa nini tusiwajengee kijiji chao, kama Hogeweyk ya Uholanzi? Kile kilichofunguliwa mwaka 2009 katika mji wa Weesp ni kizuri kweli: nyumba zaidi ya 20 za watu zaidi ya 150, duka, mkahawa, ukumbi wa maonyesho, na wauguzi wasiovaa sare. Lakini kina lango, kinahitaji ardhi, kinahitaji fedha ambazo hata Waholanzi huzipata kupitia bima ya taifa. Wazee wetu wako ghorofa ya tatu Ilala na Kinondoni, wanalala chumba kimoja na wajukuu. Watabaki hapo, na kazi ipo hapo.

Niruhusuni nirudi kwenye ile fleti, maana makosa mengine yalikuwa yangu mwenyewe. Nilimnunulia shangazi zulia jeusi la kufutia miguu mlangoni, zuri, nene. Tangu siku hiyo akawa anashika fremu ya mlango, anasimama, anatetemeka, kisha anaruka. Nilimgombeza. Baadaye nikasoma kwamba jicho la mtu mwenye demensia linaweza kuliona doa jeusi sakafuni kama shimo. Kila siku nilikuwa namtaka shangazi yangu aingie kwenye shimo. Ukumbini vigae viling'aa, na akipita alikuwa anainua kanga kidogo mpaka juu ya kifundo cha mguu. Tulicheka tukidhani ni madaha ya ujana. Alikuwa anavuka maji. Chooni kiti kilikuwa cheupe, sakafu nyeupe, ukuta mweupe, naye akawa anakojoa pembeni, tukasema sasa ameharibika kabisa. Tulipoweka mfuniko mwekundu aliacha kukosea siku hiyohiyo. Jicho la mtu wa miaka 60 hupata kiasi cha theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, na sisi korido za wazee tunazitia balbu moja ya kuokoa umeme.

Zulia, mfuniko, balbu, ndoo ya rangi isiyong'aa. Mnaotoza asilimia ya gharama za mradi mnajua kwamba hivi havionekani hata kwenye hesabu.

Ndugu zangu walitaka tumfungie. Naelewa hofu yao, kwani magari yapo, na vizuizi vya roshani nyingi ni vifupi kiasi kwamba hata mimi siegemei. Roshani zirekebishwe, vivuko viwekwe. Lakini mtu aliyefungiwa hugonga mlango mpaka mikono inavimba. Na kuna hatari nyingine ambayo hatuitaji mbele za watu. Mnajua linaloweza kumpata bibi kizee anayegonga mlango wa watu usiku wa manane akidai ni kwake. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni. Nikikumbuka shangazi na ule ufunguo, namshukuru Mungu kwa yule jirani aliyepiga simu kwangu kabla ya kupiga kelele.

Yule jirani ndiye aliyetoa wazo. Alisema, mama anaipenda sana ile kanga yake ya zamani, kwa nini msiifunge kwenye geti lake? Tukaifunga. Ilikuwa kanga ya njano yenye mabaka mekundu, maandishi yake yameshafifia kwa kufuliwa. Siku za mwanzo alikuwa akifika ghorofa ya pili anasimama, anatazama geti, haoni kanga, anaendelea kupanda. Akifika juu anaishika kwanza kwa kiganja, kisha ndipo anatoa ufunguo. Alifanya hivyo kwa mwaka mmoja na miezi minne, mpaka alipokuwa hawezi tena kushuka. Alipofariki tuliifungua kanga ile, na mtoto wa ghorofa ya pili akaja kuuliza, sasa sisi tutajuaje kwamba ni kwa bibi?

Wanafunzi wangu wa usanifu majengo, Jumamosi saa moja asubuhi tunakutana kwenye jengo mtakaloelekezwa. Msije na kompyuta. Kila mmoja aje na mzee wake, kama yupo na ana nguvu, au aazime wa jirani kwa heshima zote. Tutapanda ngazi nyuma yao, bila kuwaongoza, na kila watakaposimama na kusita tutaweka alama ya chaki sakafuni. Tukimaliza tutahesabu alama, kisha ndipo tutafungua karatasi za michoro.